Acha Mukono Yangu

Wanaume wawili walinitoa kwenye balinieri pale gatini, kwenye bichi ya Isangi, mmoja kanishika makwapa, mwingine kanishika miguu, na kitenge changu kikapanda hadi magotini mbele ya watu wote waliokuja kupokea mizigo yao. Balinieri ni ile mashua ndefu ya mbao yenye moteri, tunayoipanda sisi wote wa mtoni, na mimi niliizoea kabla sijajua kusoma. Siku hiyo nilikuwa nimekaa chini, juu ya magunia, tangu Kisangani. Tulipofika wenzangu walisimama, wakajinyoosha, wakashuka. Mimi nilijaribu kusimama nikarudi chini. Nikajaribu tena. Miguu haikuuma, wala haikufa ganzi. Ilikataa tu. Ndipo wale wawili wakaja, wakasema pole mama, wakaninyanyua na kuniweka mchangani. Mmoja akanipangusa hata vumbi mgongoni. Nilimshukuru, na moyoni nilitaka kumzaba kofi.

Nilikuwa naenda kwa yaya, dada yangu mkubwa. Yaya ndiye mtu wa mwisho aliyebaki ambaye ananikumbuka nikiwa mtoto. Wazazi wamekwenda, kaka zetu wamekwenda, mume wangu naye kaenda. Masikio ya yaya hayapatani na simu, kwa hiyo ukitaka kuongea naye ni lazima ukae karibu, mdomo kwenye sikio, umwambie polepole. Ananiita jina la utotoni ambalo hakuna mwingine analijua. Siku nisipoweza kufika Isangi, jina hilo litakuwa limekufa kabla yangu.

Habari ya bichi ilifika Kisangani kabla mimi sijarudi. Mtoto wangu wa kiume, ambaye anaishi nami na mke wake na watoto wao hapa mjini, komine ya Tshopo, alinisubiri sebuleni akiwa bado na viatu vya kazini. Alinipa pole, akauliza habari ya yaya, akaniacha nikanywa maji. Halafu akatoa hukumu yake.

"Mama, ile ya Isangi imeisha. Siku utatoka chini weye peke yako, bila mutu kukushika, utapanda tena balinieri. Kabla ya ile, hapana."

Aliisema kwa upole, kama anavyosema na watu ofisini kwake anapotaka waende nyumbani. Kisha akamuuliza mke wake kama chakula kiko tayari. Kwake yeye jambo lilikuwa limekwisha. Alijua, na mimi nilijua, kwamba siwezi kutoka chini peke yangu. Lakini alisema siku, na mimi nikaishika ile siku kama mtu aliyeahidiwa kitu.

Inafaa niseme kazi yangu ilikuwa nini. Nilikuwa daktilo. Nilipiga mashine ofisini tangu nikiwa msichana hadi mashine zikaondolewa, zikaletwa kompyuta, na kompyuta nazo nikazipiga hadi waliponipa karatasi ya pensheni. Vidole vyangu mpaka leo vina nguvu za kufungua chupa yoyote. Miguu yangu ilikuwa chini ya meza miaka yote hiyo, imekunjwa, haina kazi, na hakuna aliyeniambia kwamba ipo siku itanidai.

Nilianza vibaya. Binti yangu wa Kinshasa, nilipomwambia, alifurahi mno, akanitumia video. Ndani yake kulikuwa na mama mmoja mzungu, nywele nyeupe, tumbo hana, bahari nyuma yake. Alinyanyua vyuma viwili vyenye rangi huku anacheka. Sikujua anacheka nini. Mimi vyuma sina, lakini bidon la njano la maji ninalo, lile kubwa, tunalochotea kisimani. Nikasema, nimebeba maji toka utoto wangu, nimezaa, nimezika, bidon litanishinda? Asubuhi na mapema, kabla mwili haujapata hata chai, nikalijaza maji, nikalinyanyua. Likanyanyuka. Nikafurahi kama mjinga. Nikalinyanyua tena na tena, nikibana pumzi, masikio yanavuma. Kisha nikainama kama yule mama ili niguse vidole vya miguu, na nilipoona sifiki nikajisukuma kwa kurukaruka, chini, chini, chini. Mgongo ukashika.

Nililala siku nyingi nikitazama mabati. Mkwe wangu alinisugua mafuta ya mawese ya moto, mtoto wangu akapita mlangoni jioni, akasimama pale na mkoba wake, akanitazama, akaenda zake.   Nilikasirika na yule mama wa bahari, nikakasirika na bidon, nikakasirika na binti yangu ambaye kila siku aliuliza kwa simu kama naendelea na mazoezi. Lakini zaidi nilikasirika na hii miguu yangu, kwa sababu wakati nalala ilizidi kuwa laini, nami niliisikia ikiwa laini na sikuwa na la kufanya.

Mgongo ulipoachia nilikwenda hospitali kwa kine, yaani wale wanaofundisha watu kutembea tena baada ya ajali. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka, foleni nje imejaa. Akanipima tansio, yaani presha, kwanza. Akauliza kama kifua kinaniuma nikipanda ngazi, kama naona kizunguzungu, dawa gani nakunywa. Kisha akauliza nilifanya nini. Nilipomweleza habari ya bidon alifumba macho kidogo. Akasema nimeanza na mwisho. Akasema mwili wa umri wangu haukatai kazi, unakataa kushtuliwa. Nitembee kwanza uani hadi nisikie joto, ndipo nianze. Nikae kwenye kiti, nisimame, nikae tena taratibu bila kujitupa. Nisukume ukuta kwa mikono. Nishike meza ninyanyue visigino. Mizigo iwe chupa ndogo za maji kwanza, na nikizizoea ndipo nifikirie bidon, lile dogo. Kujinyoosha ni mwisho, mwili ukiwa na moto, nivute hadi nisikie inavutika, nikae hapo, nisirukeruke. Nikisimama nitoe pumzi, nisiibane. Ikiuma kwa kuchoma, niache. Siku moja kazi, siku moja pumziko. Na nivue kambambili, kwa sababu ndala zimeangusha wazee wengi kuliko pombe.

Halafu akanionyesha namna ya kutoka chini. Hilo ndilo nililokuja nalo rohoni. Ukiwa umelala, geuka ubavu. Jisukume hadi uwe kwa mikono na magoti, kama mtoto anayetambaa. Sogea kwenye kiti, weka mikono juu yake. Leta mbele mguu ulio na nguvu, kanyaga vizuri, toa pumzi, simama. Alifanya mwenyewe pale chini na koti lake jeupe. Ilikuwa rahisi hadi nikaona haya. Mwishoni akasema neno moja juu ya kiti: kiwe kizito, kiegemee ukuta, kisiwe cha plastiki.

Sasa nyumbani kwetu viti ni vya plastiki. Vyote, isipokuwa kimoja. Nilijaribu cha plastiki, najua, niliambiwa, lakini nilijaribu. Saruji ilikuwa imetoka kupigwa deki, kiti kikateleza, nikadaka meza kwa kucha. Mkwe wangu akaja mbio toka jikoni na mwiko mkononi. Nikamwambia sijaanguka. Akasema mama, umeanguka. Tukabishana hivyo hadi mchuzi ukaungua.

Kile kimoja ni kiti cha marehemu mume wangu. Ni cha mbao nyekundu nzito, kina mikono, alichongewa na seremala wa mtaa wetu wakati bado tuna pesa ya kuchongesha vitu. Tangu tulipomzika hakuna aliyekikalia. Wageni huelekezwa kwingine bila kuambiwa sababu, watoto hukizunguka wanapocheza. Kina kitambaa cha krosheti mgongoni ambacho mkwe wangu hukifua Jumamosi na kukirudisha. Nilikaa nikikitazama. Nikasema hapana. Nikakaa tena. Halafu nikatoa kitambaa, nikakisukuma hadi ukutani, nacho kikanguruma sakafuni, nikakikalia.

Nililia kidogo, sikatai. Mikono ya kile kiti imelika pale viganja vyake vilipokuwa vikikaa, na viganja vyangu vikaingia mle mle. Kisha hasira ikanipanda, sijui juu ya nani, labda juu yake yeye aliyeniachia miguu hii na mtoto huyu. Nikatoa pumzi, nikasimama. Nikakaa. Nikasimama. Ndipo mtoto wangu akaingia toka kazini.

"Mama," akasema. "Kiti ya papa."

Nikamwambia baba yake alipokuwa hai hakuwahi kumnyima mtu msaada, na sioni kwa nini aanze leo.  Akaenda chumbani kwake na siku zilizofuata alinisalimu akitazama pembeni. Niliumia. Lakini kiti hakikuteleza.

Shida kubwa, hata hivyo, haikuwa mgongo wala kiti. Ilikuwa mikono. Sitanii. Huku kwetu ukishakuwa mzee, mwili wako unakuwa wa watu wote. Ukitaka kusimama, mtu anakushika kwapa kabla makalio hayajaacha kiti. Ukishika kikapu, kimeshatolewa mkononi. Kanisani mashemasi wananishusha ngazi mbili kama nabebwa kwenye machela. Hata kijana wa toleka, ile baiskeli ya kubebea abiria, anashuka, anaegemeza baiskeli yake, anatafuta mwenzake ili waninyanyue pande zote mbili na kuniweka juu ya kikalio. Hawafanyi kwa ubaya. Wamelelewa vizuri, na mimi ni mmoja wa waliowalea hivyo. Ndiyo maana inauma: ukimkatalia mtu mkono anaokupa kwa heshima, umemtukana yeye na mama yake aliyemfundisha.

Na kila mkono uliniibia kitu. Kine alisema miguu inapata nguvu kwa kufanya kazi, basi, hakuna njia nyingine. Mimi nafanya kazi asubuhi kwenye kiti, halafu mchana kutwa watu wananifanyia kazi ile ile. Nikitaka kuinuka, hao. Nikiinama kuokota sahani, hao. Nikaanza kusema, acha mukono yangu. Nilisema kwa upole, halafu bila upole. Acha mukono yangu. Wajukuu wakaigiza. Walipotaka kukataa kuogeshwa walisema kwa sauti yangu kabisa, acha mukono yangu, na nyumba nzima ikavunjika mbavu. Mimi sikucheka. Niliona wanalifanyia mzaha jambo langu la kufa na kupona.

Kisha likaja la ukuta na bidon dogo. Nilikuwa nimefika pale kine aliposema ningefika, chupa zimekuwa nyepesi. Nikachukua kibidon kitupu cha mafuta ya kula, nikakitia maji nusu, na kwa kuwa chumbani kuna joto nikatoka uani. Nanyanyua, nashusha. Nikipumzika, nasukuma ukuta wa nyuma. Ukuta huo ndio mpaka wetu na jirani, mama mmoja wa kikundi cha akina mama kanisani, mtu mwema mwenye macho makali. Aliniona. Hakuniuliza. Huku kwetu huwezi kumuuliza mtu mzima anafanya nini kwake, ni adabu mbaya. Unakwenda kuwauliza wengine.

Kilichofanyika nilikijua Jumapili, baada ya ibada, akina mama walipokuja nyumbani kwangu wamevaa sare ya kikundi, wakiwa na sukari na mikate. Walikaa kwenye viti vya plastiki, wakaimba ubeti mmoja, wakaomba. Waliomba Mungu alainishe mioyo ya wakwe wasiowahurumia wazee. Sikuelewa. Nilijibu amina kwa nguvu, nikadhani ni shida ya mtu wa mtaa mwingine. Mkwe wangu alikuwa amesimama na sinia ya vikombe. Yeye alielewa. Aliweka sinia chini taratibu, akaenda jikoni, na hakurudi.

Nilimkuta ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, analia bila sauti. Wakati mimi nafurahia kibidon changu, mtaa mzima ulikuwa umeshaamua kwamba yeye ananichotesha maji. Asubuhi na mapema, mama wa watu, na kibidon, anapumzika ameegemea ukuta kwa uchovu. Sokoni walikuwa wamekwisha kumwambia maneno ya pembeni. Na alikuwepo mmoja aliyesema vibaya zaidi, kwamba bibi kizee anayesukuma ukuta wa jirani alfajiri hasukumi ukuta. Hilo mkwe wangu alilimezea muda wote, maana neno la uchawi likianza kutembea huku kwetu halirudi nyuma, na alitaka libaki masikioni mwake lisifike kwangu.

"Mama, weye uko nafanya mazoezi," akasema. "Miye ndiye watu wanasema."

 Nilikuwa nimejaa hasira juu yangu mwenyewe kiasi kwamba sikuwa nimetazama ni nani analipa. Msichana huyu anaamka kabla ya jogoo kunichemshia maji ya kuoga. Nikarudi sebuleni, nikawaambia wale mama kwamba maji ya nyumba hii anachota mkwe wangu, kibidon ni cha jimnastiki, amri ya hospitali. Walisema ahaa. Mmoja akasema Mungu azidi kukupa nguvu, kwa sauti ya mtu asiyeamini hata neno moja. Waliacha sukari, wakaondoka. Nilizunguka sebule kama kuku aliyefungwa mguu. Nifanye nini? Nikiacha, Isangi imekwenda. Nikijificha chumbani, watasema kumbe kweli kuna kitu. Nikiendelea uani, namuua mkwe wangu kwa maneno ya watu.

Yeye ndiye aliyepata njia, na aliipata akiwa bado amenuna. Kesho yake nilipotoka uani, alitoka naye. Akaleta kigoda, akaleta lundo la sombe mapajani, akakaa karibu yangu pale pale jirani anapoona, akaanza kuchambua majani ya muhogo. Mimi nanyanyua, yeye anachambua. Anazungumza kwa sauti ya juu, anapenda watu wasikie: "Mama, pumuzika kwanza. Mama, sasa nyoosha ile mguu." Mtu hawezi kusema mkwe anakutesa huku amekaa anakuhesabia pumzi. Tena kulikuwa na faida ambayo hakuna aliyeipanga. Mikono yake ilikuwa na kazi. Nilipoyumba, na niliyumba mara nyingi, vidole vyake vilikuwa katikati ya sombe, na kabla hajavifuta nilikuwa nimeshasimama sawa.

Hivyo tukaenda, siku ya kazi na siku ya pumziko. Sisemi ilikuwa raha. Mazoezi yananichosha hadi leo na sijaona utamu wake wanaousema. Kulikuwa na asubuhi goti lilivimba nikarudi kwenye chupa ndogo, nikalia kwa hasira, maana nilikuwa nimejiona nimefika. Courant, umeme wetu, ikikatika nilishindwa kuwasha feni nikaacha katikati. Mvua ikanyesha wiki nzima uani pakawa matope. Lakini siku moja niliinuka toka kitandani kwangu nikafika mlangoni ndipo nikatambua kwamba sikuwa nimeshika ukuta.

Nikamwita mtoto wangu. Ilikuwa baada ya kanisa, wote tupo sebuleni. Nikamwambia ile siku aliyosema imefika. Nikatandika mkeka, nikasukuma kiti cha baba yake ukutani, nikashuka chini, nikajilaza kabisa ili asije akasema nimedanganya. Nikageuka ubavu. Nikawa kwa mikono na magoti. Wajukuu wakacheka, mama yao akawanyamazisha. Nikafika kwenye kiti, nikaleta mguu mbele, nikatoa pumzi, nikaanza kupanda. Nilikuwa nimefika katikati. Nilikuwa nasikia paja linafanya kazi, linatetemeka na linafanya kazi. Na mkono ukanishika kwapa, ukaninyanyua hadi juu.

Alikuwa yeye. Hakimu mwenyewe.

Damu ilinichemka kiasi kwamba niliona giza. Nilimwambia ameniharibia. Akasema nilikuwa naanguka. Nikamwambia sikuwa naanguka, nilikuwa natetemeka, kutetemeka si kuanguka. Akasema, Mama, sikufanya kusudi, mukono yenyewe ilienda. Nami nikamwambia maneno ambayo mama hamwambii mwanawe wa umri ule mbele ya watoto wake, kwamba angependa nikae kwenye kiti hiki hadi nife ili anipitie asubuhi na jioni kama picha.   Nilidhani ataondoka.

Akavuta kiti cha plastiki, akaketi mbele yangu, akaweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Mtu mzima, mwenye cheo, amekalia mikono yake kama mtoto aliyeadhibiwa darasani.

"Rudia," akasema.

Nilikuwa nimechoka. Kine angesema nisubiri kesho. Nilikunywa maji, nikapumua, nikashuka mkekani tena. Ubavu. Magoti. Kiti. Mguu mbele. Pale katikati nilitetemeka vile vile, nikaona mabega yake yanaruka, lakini mikono ilibaki pale alipoikalia, na uso wake ulikuwa umejaa jasho kuliko wangu. Nikasimama. Hakuna aliyepiga makofi. Mtoto wangu alitazama kile kiti kwa muda mrefu, kisha akatoka nje, nikamsikia kwa simu anamuuliza mwenye balinieri ataondoka lini.

Pale bichi ya Isangi nilishuka mwenyewe. Ubao ulikuwa unacheza, vijana wakaja na mikono yao, nikawaambia, acha mukono yangu. Hakuna aliyenitazama safari hii, kila mtu yuko na mizigo yake. Ndiyo ilivyo, ukibebwa wote wanaona.

Nilimkuta yaya kwenye mkeka, mbele ya nyumba. Wajukuu zake walikuwa wamemtoa kitandani asubuhi, wakamweka mkekani, jioni wangemtoa mkekani wamrudishe kitandani. Watoto wema, wanamuogesha, wanamlisha samaki waliotolewa miiba. Niliwauliza tangu lini hasimami. Walitazamana. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyemwacha ajaribu. Nikainama kwenye sikio lake, nikamuuliza kama miguu inauma.

"Haiumi," akasema kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Hawaniachi."

Miguu yake niliishika. Ilikuwa imebaki ngozi. Nilikasirika kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kukasirika kwa ajili yangu. Nikampeleka kwa muganga wa dispanseri pale Isangi, naye alimpima, akasema moyo ni mzuri, ajaribu kidogo kidogo. Nikakaa Isangi siku nyingi kuliko nilivyoaga. Tulianza kwenye ukingo wa kitanda, nyayo chini, kukanyaga tu, kama anasukuma ardhi. Kisha visigino. Kisha kuinua makalio kidogo na kurudi. Kiti cha mbao hawana, kwa hiyo nilipindua kinu chao kikubwa cha sombe, nikakiegemeza ukutani mbele yake awe na kitu cha kushika. Wale wajukuu niliwapanga mlangoni na nikawaonya, mtu asiguse. Niliwaambia yote, juu ya heshima inayoua miguu, niliongea sana, walinisikiliza kwa adabu.

Asubuhi ile alipoamua kusimama kweli, nilikuwa nimesimama kando yake, mikono kiunoni, nikiwa bado nawakaripia wale wa mlangoni wasisogee. Yaya akaweka viganja juu ya kinu. Akatoa pumzi. Makalio yakaacha kitanda. Magoti yakaanza kutetemeka, akayumba kidogo upande wangu, na nilisubiri kuona ni mjukuu yupi atakayekosa subira.

Yaya akageuza kichwa. Akaniita lile jina la utotoni.

"Acha mukono yangu," akasema.

Nikatazama. Ni mkono wangu mimi uliokuwa kwapani mwake, umemshika kwa nguvu zote, na sikujua uliondoka kiunoni saa ngapi. Nikautoa. Nikaupeleka nyuma ya mgongo, nikaushika kwa ule mwingine usirudi. Yaya alikuwa bado katikati, hajasimama wala hajaketi, na alikuwa anatetemeka.